Doa la Dizeli Kwenye Daftari la Hesabu

Injini ilikuwa inalia yenyewe. Baba alishatoa mguu kwenye mafuta, alishaweka gia huru, alishavuta waya wa kuzimia mpaka ukakatika ukabaki unaning'inia mkononi mwake, na bado injini inapanda sauti, inapanda, inapanda, kama mtu anayepiga yowe bila kuvuta pumzi. Moshi umefunika barabara yote. Mweupe wenye ubluu ndani yake, mzito, unanuka oili iliyoungua, hata mikorosho iliyokuwa hatua kumi kutoka nilipo siioni. Nimesimama mtaroni, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Namwona baba anafungua boneti. Anavua shati, analikunja, analiona dogo, analitupa. Ananyakua gunia tupu, analikunja mara nne, analisukuma kwa mikono miwili kwenye mdomo wa injini wa kuvutia hewa, analilalia kwa kifua. Akageuza kichwa akanitafuta kwa macho. Akasema kitu. Sikukisikia. Halafu ukatoka mlio mmoja mfupi, kama nyundo imepiga reli, na chuma kikatoka ubavuni mwa injini kikampata baba.

Kisha kimya. Gunia moja la ufuta lilikuwa limetoboka kule juu, ufuta unamwagika barabarani, shaa, shaa, shaa, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwa imebaki.

Nimeanzia hapo, rafiki yangu, kwa sababu hata nikianzia kwingine naishia hapo hapo. Na kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Ruangwa kumuuguza binti yangu, nikakaa nje ya kibanda cha chai pale stendi, yakapita malori matano yamefuatana, mapya, meupe, jina la Tajiri limeandikwa mlangoni. Nikaangalia nyuma ya kila moja, maana macho yangu hayajaacha tabia hiyo. Hakuna moshi. Hata kidogo. Kama vile malori hayana tumbo. Chai ikanishinda. Nikajikuta nalia mbele ya watu, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, na mama muuza chai ananiuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Sikumwambia ni zamani.

Kwenye karatasi ya askari waliyotupatia baada ya kifo cha baba kuna maneno matatu: uzembe wa dereva. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu, lakini hayo matatu nayasoma vizuri kuliko mwalimu. Ndiyo sababu ya haya ninayoandika. Nataka yafutwe, na nataka wanaojua wayafute kwa midomo yao.

Lakini ngoja nikurudishe nyuma kwanza, uone tulikuwa nani.

Tulikaa Nachingwea, chumba kimoja na baraza, nyuma ya ghala la Tajiri. Kila mtu alimwita Tajiri, hata mke wake. Tulikuwa watatu: baba, mimi, na bibi aliyemzaa baba. Mama alikwenda kwao upande wa Msumbiji nikiwa mdogo, hakurudi, na nyumbani kwetu hilo halikuzungumzwa. Msimu wa korosho ghala lilinuka vumbi la magunia na mabibo yaliyochachuka. Msimu wa ufuta lilinuka vizuri, harufu ya mafuta, na sisi watoto tulikuwa tunalamba vidole na kuvigusisha sakafuni ili punje zinate. Bibi alikuwa Mmwera wa kule Mbwemkuru, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kununulia chumvi. Akikasirika alirudi kwenye Kimwera, na baba mtu mzima akawa mdogo kama mimi.

Jiko la bibi lilikuwa mafiga matatu chini ya paa la nyasi. Hapo ndipo elimu yangu ya moshi ilipoanzia, siyo kwenye gari. Bibi hakuwa na haja ya kuchungulia chungu. Aliketi barazani anachambua mbaazi, anaangalia moshi, anatoa hukumu. Kuni mbichi zilitoa moshi mweupe unaotoa machozi. Tukibanika korosho kwenye bati lenye matundu, mafuta ya maganda yakishika moto, unatoka moshi mweusi tii unaokimbiza kuku. Na moshi wa jirani yetu, mke wa mwalimu, bibi aliusoma pia. "Mke mwenzangu," alikuwa ananiambia, maana ndivyo alivyoniita, "nenda kamwambie yule sufuria inaungua, yeye yuko ndani anasikiliza redio." Nakimbia, nakuta kweli. Mke wa mwalimu alikuwa anamwogopa bibi kwa ajili hiyo.

Baba alikulia kwenye jiko hilo. Alipokuja kushika gari alikwenda na akili hiyo hiyo. Hakuwahi kukaa darasani. Alianza kwa kubeba magunia, akawa tandiboi, msaidizi wa dereva, kisha akawa dereva. Lori alilopewa na Tajiri lilikuwa kuukuu, bodi la mbao, silinda sita, limeshapita kwenye mikono ya watu wengi kabla ya kufika Nachingwea. Watu walilibatiza Kikohozi. Ukisikia Kikohozi linawaka asubuhi ujue kumekucha, hata majogoo walikuwa wanasubiri.

Sasa dereva akiwa ndani haoni moshi wake. Vioo vya pembeni vya Kikohozi vilishakufa zamani. Kwa hiyo baba alinifanya mimi kuwa macho yake. Nilikuwa na miaka saba tulipoanza. Kila asubuhi kabla ya shule nasimama nyuma ya lori, mkononi nina kipande cha amerikani alichokichana kwenye shuka. Baba anawasha. Mimi napiga kelele ninachokiona.

"Mweupe, baba!"

"Unauma macho?"

"Unauma!"

"Dizeli haijaungua, bado lina baridi. Ngoja lipate joto. Usiondoke."

Nangoja. Ukiisha baada ya dakika chache, sawa. Usipoisha, na kitambaa kikitoka kimelowa maji maji na harufu inakaribia utamu, basi maji yanaingia kwenye silinda, gasketi imekufa, hakuna safari. Baba alinifundisha kuweka kitambaa mbele ya bomba nihesabu mpaka ishirini, kisha nikiguse. Masizi makavu yanayofutika: dizeli imezidi au hewa imepungua, tusafishe chujio la hewa, tuangalie nozeli zinazopuliza dizeli, tupunguze mzigo. Hilo halikumtisha. "Mweusi ni njaa ya hewa, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nimechukua jina la bibi. "Gari lenye njaa unalilisha. Lakini ukiona wa bluu, na kitambaa kimeshika mafuta yanayoteleza, hapo gari linajila lenyewe. Huo niambie upesi."

Na alikuwa na msemo wake mmoja, alikuwa anausema huku anacheka na meno yake yaliyoachana: "Bomba halina aibu. Lolote lililo tumboni litatokea hapo."

Tandiboi wetu alikuwa mzee kuliko baba, mtu wa Naipingo, mfupi, kichwa cheupe. Ukimwita tandiboi anakuuliza, "Boi nani? Boi wa mama yako?" Kazi yake ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya tairi kila lori linaposimama kwenye mwinuko, na kugombana na mimi. "Binti wa moshi, leo umeona nini huko? Umeona posa?" Nami namjibu, "Nimeona mzee anaoga na oili chafu." Bibi alikuwa anatupikia wote watatu. Ugali wa muhogo na kisamvu, au ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, tunaimenya bado ina moto, vidole vyangu vina masizi, na bibi anapiga kelele nikanawe, na baba anasema mwache, ni mwenzetu wa kazini. Mwenzetu wa kazini! Nilikuwa naenda shule nimenyanyua shingo kama mke wa mkuu wa wilaya.

Amerikani ilipokwisha tukaanza kutumia karatasi. Karatasi zilitoka wapi? Kwenye daftari langu la hesabu. Nikachana moja, nikachana ya pili. Baba akagundua karatasi ni bora kuliko kitambaa, maana inakaa na ushahidi. Akawa ananiambia niandike pembeni, kwa kuwa yeye hakujua: Jumatatu, mweusi kidogo. Jumanne, safi. Akawa pia anadondosha tone la oili kutoka kwenye kile kijiti cha kupimia, aone linavyoenea. Mwalimu alipoita madaftari akakuta langu lina kurasa za moshi katikati ya kugawanya. Nilichapwa viboko sita. Nikarudi nyumbani sikai. Baba akachukua daftari, akaligeuza geuza, akasema, "Mwalimu huyu akiharibikiwa na gari njiani atanikumbuka." Bibi akaniwekea maji ya moto na chumvi. Sikulia. Nilijiona nimechapwa kwa kazi ya maana.

Sijui kama umeshawahi kuwa na furaha ya namna hiyo, ya kuhitajika. Mimi nilikuwa nayo kwa miaka minne, kisha Tajiri akanichukulia.

Moshi wa bluu ulianza mwishoni mwa masika. Mwanzoni ulitoka lori likiteremka tu, baba akiachia mafuta kisha akikanyaga tena: wingu moja la bluu, kisha basi. Nikamwambia upesi kama alivyonifundisha. Akaniambia nimwangalizie wiki nzima. Nikaandika wiki nzima. Ukawa unatoka hata kwenye tambarare. Oili ikawa inapungua, kila asubuhi tunaongeza. Baba akaenda na daftari kwa Tajiri. Mimi nilikuwapo, nilishika kurasa.

"Bosi, ringi za pistoni zimekwisha. Injini inataka kufunguliwa."

"Msimu wa ufuta huu?"

"Bosi, linajila."

Tajiri alikuwa mnene, mpole wa sauti, hajawahi kupandisha sauti hata siku moja, na ndiyo maana watu walimwona mwema. Akaangalia kurasa zangu akatabasamu. "Dereva, wewe sasa unaendesha gari kwa hesabu za mtoto?"

Akatupeleka kwa fundi wa Ruangwa. Huyu fundi alikuwa na jina kubwa wakati ule, gereji yake ilikuwa chini ya mabati kwenye kiwanja cha Tajiri, na hicho kiwanja ndicho kilichomfunga mdomo, utaona. Fundi hakufungua injini. Alimwaga oili yote, akajaza oili nzito, ile ya gia. Oili nzito haipenyi upesi, kwa hiyo moshi wa bluu ukapungua. Kwa mtu asiyejua, gari limepona. Baba alisimama anaangalia. Njiani akaniambia, "Amemfunga mgonjwa kanga mdomoni asikohoe."

Halafu ndipo likatokea lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kupiga kichwa ukutani. Oili ikaacha kupungua. Baada ya siku kadhaa ikaanza kuongezeka. Nakwambia kweli. Asubuhi baba anachomoa kijiti, oili imepita alama ya juu, na hakuna aliyeongeza. Tajiri alipoona alifurahi kama mtu aliyeona ng'ombe wake amezaa pacha. Aliwaita majirani ghalani. Walikuja wakulima kutoka Mkotokuyana waliokuwa wanasubiri magunia, nao wakachungulia kijiti. Mmoja akasema kisima kikijaa chenyewe kina baraka. Tajiri akaagiza pilau. Sikutanii, tulikula pilau ya nyama kwa sababu gari limeongeza oili. Mimi pia nilikula, nikaongeza.

Baba hakula. Alichukua karatasi kwenye daftari langu, akadondosha tone. Oili nzuri inakaa pamoja, nyeusi, haina haraka. Hii ilikimbia. Katikati doa jeusi, na kulizunguka doa duara pana la majimaji, lenye rangi ya mkojo, likienea mpaka likagusa mstari wa pembeni. Akaniwekea puani.

"Inanuka nini, mama?"

"Dizeli."

"Inatoka wapi?"

Akanieleza pole pole, na mimi nakueleza wewe kama alivyonieleza. Pampu ya dizeli imetoboka ndani, dizeli inavujia kwenye oili. Ndiyo maana inaongezeka. Sasa oili imekuwa nyepesi kama maji, na ringi zimekwisha, kwa hiyo itapanda juu kwenye silinda. Siku ikipanda nyingi, injini itaacha kunywa dizeli yake na itakunywa hiyo. Ukivuta waya wa kuzimia unakata dizeli tu. Oili ya tumboni huwezi kuikata. Itakimbia yenyewe mpaka ipasuke.

Nikaandika pembeni ya duara kwa penseli: dizeli kwenye oili, baba kasema. Akabeba ile karatasi kwa mikono miwili kama sahani, akampelekea Tajiri palepale kwenye pilau, fundi naye yupo, amealikwa. Tajiri hakuishika, mikono yake ilikuwa na mafuta ya nyama. Fundi aliishika. Aliinusa. Nilimwona anainusa. Akamtazama Tajiri, kisha akasema, "Ni oili ya gia tu hii, inanuka hivyo." Akamrudishia baba, nami nikairudisha ndani ya daftari.

Fundi yule alijua. Pua yake ilijua. Hilo ndilo jina la kwanza kwenye orodha yangu, na sijali kwamba sasa ni mzee.

Likizo ya mwezi wa sita baba alinichukua safari ya Ruangwa kwenda kuleta ufuta. Aliendesha kama aliyebeba mayai. Tulilipakia lori siku nzima, likalala kwenye gereji ya fundi limejaa mpaka juu. Asubuhi wote walikuwapo: baba, tandiboi, fundi, na Tajiri aliyekuja na pikapu yake kwa sababu mnunuzi alikuwa anamngoja Nachingwea. Juu ya magunia walishapanda akina mama wanne wa Nachingwea, wametoka kuuza vyungu. Baba akachomoa kijiti. Oili imepita alama kwa vidole viwili. Akakifuta kwenye suruali, akasema siondoki.

Tajiri akasema kwa ile sauti yake laini, "Dereva, si unaamini moshi? Washa. Mtoto wako aangalie. Ukitoka wa bluu, umwage hapa hapa oili yote, nitakubali. Ukiwa safi, twende."

Baba akafikiri. Akanitazama. "Mama akisema wa bluu, siondoki," alisema, mbele ya watu wote. Akapanda akawasha.

Nikaenda nyuma kama kawaida. Moshi ukatoka. Ulikuwa wa bluu. Siyo sana, ile oili ya gia ilikuwa bado inausitiri, lakini ulikuwa wa bluu, na jua la asubuhi lilikuwa linaupiga kwa nyuma, hakuna aliyejua rangi ile kuliko mimi. Nikafungua mdomo. Tajiri alikuwa amenifuata. Aliinama, mdomo wake sikioni kwangu, ananuka karafuu. Fundi alikuwa amesimama karibu kiasi cha mkono.

"Binti," akasema, "baba yako asipoondoka leo, hana kazi. Na bibi yako kesho atatoa mafiga yake pale kwangu. Sema safi. Sema, halafu upande mbele leo, kama bibi harusi."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sisemi hivyo kujitetea, nasema ujue. Nikamwona bibi na mafiga yake kichwani. Na nikauona ule mlango wa mbele, ambao sikuwahi kuupanda kwa safari ndefu, maana kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya bodi na kuangalia bomba.

"Mama!" baba akaita kutoka ndani. "Vipi?"

"Safi, baba!"

"Kweli?"

"Safi!"

Nikapanda mbele. Ona walivyotufanya: jicho la nyuma limehamishiwa mbele, kukaa kwenye kiti cha sponji. Baba alinifunga kanga kiunoni nisirushwe, akaniambia nimeze mate masikio yakiziba. Tandiboi akanichungulia dirishani, "Bibi harusi, salamu hutoi?" Yeye ndiye aliyekwenda nyuma, na yeye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Tukatoka Ruangwa. Baba aliimba njiani kidogo. Nilitaka kumwambia. Kila tulipofika kwenye kona nilisema nitamwambia kwenye kona inayofuata.

Kwenye mwinuko mrefu akina mama wakaanza kugonga bati la juu, wanakohoa. Tukadhani ni mambo ya Kikohozi. Walikuwa wanagonga moshi. Halafu injini ikavuta peke yake. Baba alitoa mguu, ikaendelea. Akaingiza gia kubwa, akakanyaga breki ili aizimishe kwa nguvu, klachi ikateleza, ikanuka, haikuzima. Akalisimamisha kwa breki, tandiboi akaruka na jiwe lake, baba anapiga kelele, "Shukeni! Shukeni wote! Rukeni!" Mimi alinisukuma kwa mlango wa pili, kandambili ikabaki. Hakuna hata mama mmoja aliyeumia. Chungu kimoja kilivunjika. Naye angeweza kukimbia, injini ipasuke peke yake barabarani, gari si lake. Lakini breki zilikuwa zimechoka, na jiwe moja halishiki lori lililojaa ufuta likitikiswa na injini namna ile, na nyuma yetu kwenye mteremko wale akina mama walikuwa bado wanajikusanya. Kwa hiyo akaenda kuiziba hewa.

Yaliyobaki nimeshakwambia.

Alikuja askari na Tajiri kwenye pikapu ile ile. Tajiri alilia, machozi kabisa. Alisema alimwonya dereva, alisema dereva alilazimisha gia kwenye mlima. Fundi akaulizwa hali ya gari. Akasema lilikuwa zima, alilikagua asubuhi. Tandiboi akaulizwa. Akatazama chini akasema hakuona, na wiki ile ile akapewa kibarua cha kulinda ghala. Nikatoa daftari langu, nikafungua ukurasa wa duara. Askari akaona mistari ya kugawanya akasema, "Mtoto, siyo wakati wa shule." Hakuna aliyeniuliza moshi ulikuwaje. Na mimi, rafiki yangu, nilishukuru hawakuniuliza.

Arobaini haikufika, bibi akatoa mafiga yake. Aliyabeba moja moja, hakutaka msaada, akisema maneno ya Kimwera ambayo sikuyaelewa wakati ule na nafurahi. Tukaenda kwa ndugu zake Mbwemkuru. Shule ikaishia hapo, nikalima ufuta wa watu. Bibi alikufa anaamini mwanawe alikuwa mzembe, kwa sababu karatasi ya serikali ilisema, na kwa sababu mimi sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwambia. Hilo ndilo linaloniamsha. Hata akiwa mgonjwa alikuwa anaangalia moshi wa jiko langu na kuniambia, "Mke mwenzangu, kuni zako mbichi." Alisoma kila moshi isipokuwa ule.

Sasa vyote vimeondoka. Chumba kile kimevunjwa. Barabara ya ule mwinuko wamepitisha lami, gari linapanda bila kubadilisha sauti. Malori yana taa ndogo mbele ya dereva inayomwambia ugonjwa, hakuna mtoto anayesimama nyuma na kitambaa. Vizuri. Lakini taa haiitwi mama. Taa haipewi ming'oko.

Siku ile Ruangwa, nilipomaliza kulia, nilikwenda kwenye ile gereji ya fundi. Wanawe ndio wanaofanya kazi sasa. Yeye alikuwa kwenye kiti cha plastiki nje, miguu imevimba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Binti wa moshi."

Aliuvuta mkongojo wake karibu. Nikamuuliza, "Siku ile alichoniambia Tajiri sikioni, ulikisikia?"

"Nilisikia."

"Na ile karatasi, ulinusa nini?"

"Mwanangu, kiwanja hiki ni chake. Mpaka leo ni chake. Ningekwenda wapi na watoto?" Kisha akasema, kwa sauti ya kuomba, "Subiri afe kwanza. Akifa nitasema."

Subiri afe! Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye niliyebeba uongo ule peke yangu, kumbe naye ameuweka akiba, anangoja kifo cha mwenye kiwanja kama mtu anayengoja mvua. Na Tajiri hafi. Anakaa mstari wa mbele kwenye kila hafla, anatoa nasaha kwa vijana kuhusu uaminifu.

Basi mimi langu nimelisema. Nimelisema kwa mkono wangu, wanangu watasoma, wajukuu watasoma: moshi ulikuwa wa bluu, nikasema safi, baba akaniamini. Sikuacha kitu. Sasa zamu yenu. Wewe Tajiri, uliyeinama ukamwekea mtoto uongo mdomoni. Wewe fundi, uliyenusa ukameza. Nawe mlinzi wa ghala, kama ungali hai huko Naipingo, uliyetazama chini. Karatasi ninayo. Penseli imefifia, harufu ilishaondoka, lakini duara lipo, limefika mpaka kwenye mstari kama siku ile. Nitalileta popote mtakaponiita, kwa mwenyekiti, kwa askari, msikitini, kanisani, barazani kwenu. Siwaombi kitu kingine. Nawauliza jambo moja mbele ya watu, na mnijibu mkiwa hai: baba yangu aliwaambia, au hakuwaambia?